Ziara ya siku moja Montgomery, Alabama: mji nyota tano, kampuni ya basi nyota mbili

Wadau mlioko Georgia, Alabama na majimbo ya jirani, na nyie mnaokuja kutembelea ndugu zenu huku, watu wengi wananiuliza kama ile ziara ya basi ya kutoka Atlanta kwenda Montgomery inafaa kulipia. Jibu langu ni kwamba Montgomery nendeni, tena nendeni na watoto waliokua kidogo, ila basi achaneni nalo, endesheni wenyewe au kodini gari mgawane mafuta. Kampuni siitaji jina, wapo kadhaa wanaofanya njia hiyo hiyo na huenda wengine ni wazuri.

Basi lenyewe halina shida. Ni safi, kiyoyozi kinapuliza vizuri, dereva mstaarabu, ni kama masaa mawili na nusu kwa barabara kuu ya I-85, na ukishaingia Alabama saa inarudi nyuma lisaa limoja kwa hiyo mnafika bado asubuhi kabisa. Shida ni mwongozaji na ratiba yake, na hapo ndo nataka nieleze kwa urefu, kwa sababu hii siyo ziara ya kwenda kuona maporomoko ya maji. Unapeleka watu mji ambao Konfederasi, yaani ile serikali ya majimbo 11 ya Kusini yaliyojitoa Marekani mwaka 1860 na 1861, ilizaliwa hapo hapo, na mpaka leo watu wa Kusini wanagombana bungeni na mahakamani na mezani kwa bibi zao iweje ikumbukwe. Ukichukua hela ya mtu kumpeleka pale una wajibu wa kumwambia ukweli wote, siyo nusu.

Kituo cha kwanza ni jengo la serikali ya jimbo, liko juu kilimani mwisho wa Dexter Avenue, jeupe, lina kuba kubwa. Pale barazani mbele ya mlango kuna nyota ya shaba imewekwa chini sakafuni, inaonyesha mahali Jefferson Davis alipoapishwa kuwa rais wa Konfederasi tarehe 18 Februari 1861. Simama pale kisha geuka uangalie chini mtaani, na usiharakishe. Upande wako wa kushoto, umbali wa kutembea dakika chache tu, kuna kanisa la matofali mekundu la Dexter Avenue, ambalo Martin Luther King alikuwa mchungaji wake kuanzia 1954 hadi 1960. Gavana George Wallace naye alisimama barazani hapo Januari 1963 akaapa kwamba ubaguzi utadumu milele, na akasema wazi kwamba anasimama pale pale aliposimama Davis. Miaka miwili tu baadaye, tarehe 25 Machi 1965, maandamano ya weusi ya kudai haki ya kupiga kura, yaliyotoka mji wa Selma, yakaishia mbele ya ngazi hizo hizo, watu kama 25,000, na King akahutubia akiwa chini mtaani. Yote hayo unayaona kwa kugeuza shingo tu, mimi sijui sehemu nyingine Marekani ambapo mambo yote hayo yamebanana namna hiyo.

Sasa mwongozaji wetu alifanya nini? Alituelezea Davis alivyofika na treni, bendi iliyopiga, gari la farasi, nguo alizovaa, watu walivyoshangilia, akaenda hivyo mpaka shemeji yangu akaninong'oneza, "Shem, hebu muulize walijitoa kwa nini, maana mpaka saa hizi tunaelezwa makoti tu." Nikauliza. Akajibu kwamba ilikuwa ni haki za majimbo kujiamulia mambo yao, akasema ni suala gumu lenye pande nyingi, twendeni kituo kinachofuata. Basi, imeisha hiyo.

Hapana jamani. Hili siyo suala la pande nyingi, wenyewe waliandika. Katiba ya Konfederasi, kifungu cha kwanza sehemu ya tisa, inasema haitapitishwa sheria yoyote ya kunyima au kupunguza haki ya kumiliki watumwa weusi. Tena kifungu cha nne kinampa raia wa jimbo lolote haki ya kusafiri na kukaa jimbo lingine lolote akiwa na watumwa wake, maana yake hata jimbo la Konfederasi lenyewe lisingeweza kumzuia, sasa hizo haki za majimbo ziko wapi? Tamko la South Carolina la kujitoa, la Desemba 1860, linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka, yaani walikasirika kwa sababu majimbo mengine yalijiamulia. Mississippi walisema msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Na Alexander Stephens, makamu wa Davis mwenyewe, akiwa Savannah tarehe 21 Machi 1861 alisema jiwe la msingi la serikali yao mpya ni kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mweupe. Hayo siyo maneno ya maadui zao, ni yao. Alabama pekee mwaka 1860 ilikuwa na watumwa 435,080, karibu nusu ya watu wote wa jimbo. Mwongozaji anayepokea tip kwenye ngazi hizo anapaswa kuyajua haya kama anavyojua njia ya kwenda chooni.

Ukizunguka upande wa kaskazini wa jengo unakuta mnara mrefu wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Konfederasi, urefu wake futi 88. Davis mwenyewe alikuja kuweka jiwe la msingi mwaka 1886 na ukazinduliwa 1898. Angalieni hiyo miaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na Konfederasi, viliisha 1865, mnara unazinduliwa miaka 33 baadaye, na mwaka 1901 Alabama ikaandika katiba mpya iliyowanyang'anya weusi kura. Minara mingi ya namna hii Kusini ilijengwa kipindi hicho hicho, miaka ya 1890 mpaka 1920 na kitu, na mingine ikaongezeka enzi za harakati za haki za raia. Kwa hiyo mtu akiniambia mnara ni historia nakubali, ila ni historia ya mwaka 1898, ya watu waliokuwa wanarudisha utawala wao na wanataka kila mtu anayepita kwenda ofisi ya serikali aone nani bosi. Bendera za Konfederasi zilikuwa zinapepea pembeni ya mnara huo mpaka Juni 2015, gavana akaamuru zishushwe baada ya kijana mmoja mzungu mbaguzi kuua watu weusi tisa kanisani Charleston, South Carolina. Mnara umebaki.

Na utaendelea kubaki, kwa sababu ya sheria ya 2017. Hii mwongozaji hakuigusa kabisa na ndo kitu cha muhimu kuliko vyote kama unataka kuelewa ugomvi wa sasa. Alabama ilipitisha sheria kwamba mnara wowote uliokaa kwenye ardhi ya umma miaka 40 au zaidi hauruhusiwi kuondolewa wala kubadilishwa, na mji ukiuondoa faini ni dola 25,000. Birmingham, mji ambao wakazi wengi ni weusi, walizungushia mnara wao wa Konfederasi plaiwudi, jimbo likawapeleka mahakamani likashinda, halafu Juni 2020 mji ukauondoa tu na kukubali faini. Hapo hapo Montgomery kulikuwa na barabara inaitwa Jeff Davis Avenue, na wakili Fred Gray, aliyewatetea King na Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, alikulia kwenye barabara hiyo. Mwaka 2021 mji ukaipa jina lake, jimbo likadai dola 25,000. Yaani watu wa mji wamechagua viongozi wao, wanataka kumheshimu mtoto wa mtaa wao aliye hai, halafu wanapigwa faini kwa kufuta jina la mtu aliyepigana ili bibi zao waendelee kuuzwa. Watetezi wa sheria hii wanasema inalinda historia isifutwe. Mimi nawauliza, hizo haki za kujiamulia mnazozitetea za 1861, mbona mji wa Birmingham hauna?

Tuliendelea kwa miguu mpaka ile nyumba wanaita First White House of the Confederacy, ipo ng'ambo ya barabara tu. Davis na familia yake waliishi humo miezi michache ya 1861 kabla serikali haijahamia Richmond, Virginia mwezi Mei. Nyumba ilikuwa sehemu nyingine ya mji, ikahamishiwa hapo karibu na serikali na kufunguliwa 1921. Kuingia ni bure, jimbo linachangia hela ya kuiendesha. Ndani utaona vitanda, viti, vyombo, vitu vya Davis na mkewe Varina, na kama unapenda fanicha za zamani utafurahi kweli. Mimi siyo mtu wa kusema nyumba hii ibomolewe, wala sanamu zisagwe zote, na hapa najua nitatofautiana na baadhi yenu. Nyumba iachwe, ila kwa sababu ni hela ya walipa kodi wote, na Alabama zaidi ya robo ya watu ni weusi, ile ibara ya katiba kuhusu watumwa iwekwe kwa maandishi makubwa mlangoni, mtu asome kabla hajaangalia kitanda. Hiyo ndo ingekuwa kumbukumbu. Tena kodi siyo jambo dogo huko, kuna kodi ya ardhi iliyowekwa zamani kwa ajili ya pensheni za wanajeshi wa Konfederasi, na miongo mingi baada ya wanajeshi wote kufa sehemu yake imekuwa ikienda kwenye bustani ya kumbukumbu yao kule Marbury.

Baada ya hapo tukala, na hapo nitoe sifa, mgahawa wa Pannie-George's Kitchen uliopo kwenye Legacy Museum, makumbusho ya historia ya utumwa na ubaguzi, unapika chakula cha Kusini cha ukweli, kuku, majani ya kolad, maharage, viazi vitamu, unashiba na moyo unatulia. Mtahitaji kutulia.

Legacy Museum na ile Memorial yake, yaani mahali pa kumbukumbu, zimejengwa na shirika la Equal Justice Initiative la wakili Bryan Stevenson, zilifunguliwa Aprili 2018, na makumbusho yakapanuliwa 2021. Tiketi ni dola 5 tu, kwa sehemu zote tatu, yaani makumbusho, Memorial na bustani ya sanamu iliyofunguliwa baadaye, na kuna basi dogo la bure la kukuzungusha. Hela hiyo kwa kitu unachokiona pale, sijawahi kuona. Makumbusho yamejengwa mahali palipokuwa na ghala la pamba ambapo watumwa walilazimishwa kufanya kazi. Picha haziruhusiwi ndani na nashukuru, watu wanaangalia badala ya kupiga selfi. Kuna sehemu ya giza yenye vizimba kama selo, unasogelea nondo, inatokea sura ya mtu ya mwanga, mwanamke anaanza kuongea na wewe kwa sauti ya chini anatafuta watoto wake, na ukirudi nyuma ananyamaza. Shemeji alikaa pale muda mrefu, sikumsumbua. Mbele zaidi kuna ukuta mzima wa chupa za vioo, mamia, kila moja ina udongo uliochotwa mahali ambapo mtu aliuawa na kundi la watu bila mahakama, na jina lake na tarehe vimeandikwa. Ukisimama mbali unaona rangi tu, ukikaribia ndo unaona udongo haufanani, mwekundu, mweusi, wa mchanga, mwingine bado una vimizizi ndani.

Halafu ndo ile Memorial ya juu kilimani, ya watu zaidi ya 4,400 waliouawa hivyo kati ya 1877 na 1950. Vyuma zaidi ya 800 vyenye rangi ya kutu, kila kimoja ni cha kaunti moja, na majina ya waliouawa humo yamechongwa. Unaanza vikiwa vimesimama usawa wa macho yako, halafu sakafu inashuka taratibu na vyuma vinabaki pale pale, mpaka mwisho vinaning'inia juu ya kichwa chako na hutaweza tena kusoma majina bila kuinua shingo. Ukutani kuna sentensi fupi fupi zinazosema fulani aliuawa kwa sababu gani, sababu nyingine ni ndogo kiasi kwamba unarudia kusoma ukidhani hujaelewa. Nje kuna vyuma pacha vimelazwa chini vinasubiri kila kaunti ije kuchukua chake ikakiweke kwao. Ndo maana nasema wanaodai kwamba ukiondoa sanamu watu watasahau historia waende pale, hakuna sanamu hata moja ya Davis na hakuna anayetoka akiwa amesahau.

Kwenye basi letu kulikuwa na mzee mmoja mzungu wa Georgia, mpole sana, alituambia asubuhi kwamba babu wa babu yake alipigana upande wa Konfederasi, akafa, na kila mwaka anaenda kusafisha kaburi. Pale kilimani nilimwona anatafuta kaunti yake. Aliipata. Akasoma majina yote kwa sauti, taratibu, mojawapo lilikuwa na ukoo sawa na wake. Baadaye kwenye benchi tuliongea, na sitasema alibadilika, maana hakubadilika kwenye kila kitu. Alisema kaburi la babu yake asiguse mtu, na mimi nilimwambia nakubaliana naye kabisa, kaburi ni la familia, aliyekufa aombolezwe na watu wake na lisiguswe milele. Ila nikamuuliza, mzee, kaburi na sanamu ya jenerali juu ya farasi wa shaba mbele ya mahakama ni kitu kimoja? Akafikiri, akasema yeye alipokuwa mtoto alifundishwa shuleni kwamba ni kimoja. Nikamkumbusha jambo ambalo watu wa upande wake wengi hawaambiwi, kwamba Robert E. Lee mwenyewe, jenerali maarufu kuliko wote wa Konfederasi, mwaka 1869 alialikwa kusaidia kuweka alama za kumbukumbu kwenye uwanja wa vita wa Gettysburg akakataa, akaandika kwamba ni busara zaidi kutoviacha vidonda vya vita wazi. Mzee alikuwa halijui hilo, akaliandika kwenye kikaratasi.

Mazungumzo ya namna ile ndo nilikuwa nalipia, wadau. Na yalikatwa katikati kwa filimbi, kwa sababu Memorial yote ilipewa dakika 40. Asubuhi tulipewa zaidi ya saa nzima kwenye ngazi za Davis na nyumba yake. Hapo ndo hasira yangu yote ilipo na ndo sababu ya nyota mbili. Ukigawa muda wa wageni hivyo umeshachagua nani akumbukwe, hata kama kwenye tangazo umeandika pande zote mbili zitapewa nafasi. Na ile sehemu ya tatu, bustani ya sanamu ya Freedom Monument Sculpture Park iliyofunguliwa 2024 pembeni ya mto Alabama, hatukuiona kabisa wakati tiketi tulikuwa nayo mkononi. Unaweza kwenda kwa boti, kwenye mto ule ule ambao watumwa waliletwa nao kuuzwa mjini, na huko kuna ukuta wa futi 43 wenye majina ya ukoo 122,000 ambayo weusi waliokombolewa walijiandikisha kwenye sensa ya 1870, mara ya kwanza serikali kuandika majina yao wote kama watu. Shemeji alitaka kulipa teksi aende mwenyewe, akaambiwa basi halisubiri.

Kwa hiyo mkienda wenyewe fanyeni hivi. Laleni Montgomery usiku mmoja. Asubuhi mapema nendeni ngazi za serikali kabla jua halijawa kali, shukeni Dexter Avenue kwa miguu mpaka Court Square ambapo watu walikuwa wanauzwa mnadani, ni mwendo mfupi na ni wa kuteremka. Makumbusho myape masaa matatu, Memorial masaa mawili, bustani ya mtoni iwe siku ya pili. Angalieni siku za kufungua mtandaoni maana siyo siku zote za wiki wapo wazi, vaeni viatu vya kutembea, na watoto wadogo chini ya miaka 10 hivi ningewaacha na mtu wakati wa zile selo. Kama mnarudi Atlanta na bado mna nguvu, pitieni Stone Mountain muone Davis na majenerali wake Lee na Jackson walivyochongwa kwenye mwamba, kazi iliyomalizika 1972, miaka minne baada ya King kuuawa, halafu mjadiliane kwenye gari mngeufanya nini mwamba ule, maana ule huwezi kuubeba kwa kreni.

Kampuni niliwaandikia imeli. Nimewaomba mambo mawili, Memorial ipewe masaa mawili, na pale kwenye nyota ya shaba mwongozaji asome ile ibara ya katiba ya Konfederasi kwa sauti, ni sentensi moja, haichukui hata dakika. Wakifanya hivyo nitarudi kulipa na riviu nitaibadilisha.